KUGUSA SANAMU TU, KESI! Stori nyuma ya masharti ya kisiwa cha Rapa Nui

Wadau, mwaka 2008 kuna jamaa mmoja wa Finland, kijana wa miaka 26, alienda kutalii Rapa Nui, kile kisiwa cha Chile katikati ya bahari ya Pasifiki ambacho wengi tunakijua kama Kisiwa cha Pasaka. Ndiyo kile chenye masanamu makubwa ya mawe yenye sura ndefu. Alipofika ufukwe wa Anakena akavunja kipande cha sikio la sanamu ili aondoke na ukumbusho. Mama mmoja mwenyeji akamwona. Jamaa akakamatwa, akapigwa faini ya dola kama 17,000 na kuzuiwa kurudi kisiwani kwa miaka 3.

Najua kuna mtu hapa anasema, "Si jiwe tu jamani?" Hapo ndipo stori inapoanzia.

Masanamu hayo yanaitwa moai, yapo karibu 1,000, na kwa wenyeji kila moja ni sura ya mzee wa ukoo aliyefariki. Baadhi yalisimamishwa juu ya majukwaa ya mawe yanayoitwa ahu, na kwenye majukwaa mengi wamezikwa watu. Yaani ukipanda pale upige selfie, umekanyaga kaburi la babu wa mtu. Hebu fikiria mgeni afanye hivyo kwenye makaburi ya kwenu.

Halafu kuna suala la wageni wenyewe. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Rapa Nui ilikuwa kinyume. Wazungu wa kwanza, Waholanzi, walifika Pasaka ya mwaka 1722, jina la kisiwa likatokea hapo. Siku waliyoshuka nchi kavu wakafyatua risasi, wenyeji kama 10 wakafa.

Mwaka 1862 zikaja meli kutoka Peru kukamata watu. Walibebwa kama 1,500, wakapelekwa kufanyishwa kazi mashambani na majumbani, na wengi wakafia huko. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui, ikaua na waliobaki. Mwaka 1877 kisiwa kizima kilikuwa na wenyeji 111 tu. Soma tena hapo: 111! Hao ndio wazazi wa Warapanui wa leo.

Haikuishia hapo. Chile ilikichukua kisiwa mwaka 1888, kikaja kukodishwa kwa kampuni ya kufuga kondoo. Kondoo wakapewa ardhi, watu wakafungiwa kijiji cha Hanga Roa. Uraia kamili wa Chile waliupata mwaka 1966.

Sasa ukiambiwa "usiguse", elewa kwamba anayekuambia hivyo ni mtu ambaye ukoo wake ulikaribia kufutika kabisa. Kwa hiyo ukibahatika kwenda:

1. Salimia kwanza. Sema "Iorana". Kushukuru ni "Maururu".
2. Usiguse moai, usipande ahu, pita kwenye njia iliyowekwa.
3. Usiokote kitu, hata kijiwe kidogo.
4. Sehemu nyingi za hifadhi huingii bila mwongozaji mwenyeji. Tangu 2017 hifadhi inasimamiwa na Warapanui wenyewe.
5. Ukitaka kumpiga mtu picha, muombe kwanza.
6. Usizidishe siku. Tangu 2018 mgeni anaruhusiwa kukaa siku 30 tu.

Kuna watu wataona masharti yamezidi. Mimi naona ni machache ukilinganisha na yaliyowakuta.

Na kuna hili la mwisho linalouma. Mwaka 1868 mabaharia wa meli ya kivita ya Uingereza waliondoka na moai mzima, anaitwa Hoa Hakananai'a. Leo yuko British Museum, London, na watalii wanapita wanampiga picha. Mwaka 2018 wajumbe kutoka kisiwani walifunga safari mpaka huko kuomba arudishwe nyumbani. Mpaka sasa hajarudi.

Kipande cha sikio, faini dola 17,000. Babu mzima je, faini yake shilingi ngapi? Na nani wa kumtoza? Wadau mnaonaje, arudishwe au abaki?