"Imo" na "Ipo Wapi" katika Lugha ya Python

Msemaji wa Kiswahili hachanganyi viambishi -mo na -po. Aulizaye kuhusu silabi, "Imo?", ataka kujua tu kama imo ndani ya neno au haimo; aulizaye, "Ipo wapi?", ataka aonyeshwe mahali pake. Python, lugha ya programu iliyotolewa kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Amsterdam, ilikawia kuyatenga maswali haya mawili.

Opereta "in" ndiyo "imo" ya Python. Lakini kabla ya mwaka 2003, katika mfululizo wa herufi, iliuliziwa herufi moja tu. Aliyeuliza kama "m" imo katika "mwana" alijibiwa. Aliyeuliza "wana" alirudishiwa kosa. Hoja haikuwa mbaya: mfululizo ulihesabiwa kuwa mkusanyiko wa herufi mojamoja, na "wana" si herufi.

Basi watu wakakimbilia "find", ambayo kwa kweli ni "ipo wapi". Hiyo huleta namba ya mahali, ikianza kuhesabu kwa 0, na ikikosa huleta -1. Hapa ndipo penye mtego. Katika sharti, Python huihesabu 0 kuwa si kweli, na namba nyingine yoyote kuwa kweli. Kwa hiyo "m" katika "mwana", kwa kuwa iko mwanzoni, yaonekana haimo. Na "k", ambayo haimo kabisa, yaonekana imo! Programu haikemei, huendelea na uongo wake kimya. Ndugu yake "index" ni mwaminifu zaidi, maana ikikosa hutoa kosa waziwazi. (Amri hizi zilikaa kwanza katika moduli ya pekee, mwaka 2000 ndipo zilipofungamanishwa na mfululizo wenyewe.)

Toleo 2.3, la Julai 2003, likairuhusu "in" kupokea kipande chochote. Wapenda kanuni waweza kulalamika kwamba neno moja sasa lina maana mbili, kwani katika orodha ya maneno "in" bado hutafuta kitu kizima: "wana" haimo katika orodha yenye "mwana" peke yake. Mimi nayaunga mkono mabadiliko hayo, watumiaji walikuwa wakiuliza "imo?" siku zote, wakalazimishwa kusema "ipo wapi?"

Walakini mtafiti wa Kiswahili asidanganyike. Akihesabu kitenzi "ita" katika matini kwa "in", atavuna pia "vita", "pita" na "sita". Akiyakata matini kwanza kuwa orodha ya maneno, atapoteza "anaita" na "waliita". Hapo hata "find" haimfai, maana mipaka anayoitafuta ni ya mofimu, na Python haijui ila herufi. Hana budi kuichanganua mofolojia kwanza, ndipo ahesabu.