Ghadhabu ya Paka

Katika wanyama wanaokaa nyumba moja na binadamu, paka ndiye aliyeshtakiwa zaidi kwa khiana. Hulala mapajani, hufurahia kupapaswa, mara hugeuka akauma mkono ule ule uliompa chakula. Kisha huenda zake akajilamba kana kwamba hakutenda neno. Mwenye jeraha husema ameumwa bila ya sababu. Hukumu hii ni ya zamani, na gharama yake hulipwa na paka: wako waliotupwa njiani, na wako waliouawa, kwa kosa ambalo hakuna aliyelichunguza.

Watu wa elimu nao hawakuwa na hadhari kupita wengine. Mwaka 1756 Buffon, mwanachuoni mashuhuri wa Ufaransa katika elimu ya viumbe, alimweleza paka kuwa ni mtumishi asiye mwaminifu, afugwaye kwa haja tu. Maneno hayo yalikuwa tusi kuliko maelezo, walakini yalirudiwa muda mrefu, nadhani kwa kuwa yaliandikwa kwa ufasaha.

Charles Darwin alitazama kwanza. Katika kitabu chake cha 1872 juu ya maonyesho ya hisia za binadamu na wanyama, alipambanua hali mbili zilizokuwa zikichanganywa. Paka mwenye hasira huinama, akanyosha mwili na kulaza masikio, mkia ukipiga huku na huku. Mwenye hofu husimama akapinda mgongo kama upinde, nywele zikamsimama.

Ilibaki kujua ghadhabu hiyo huwashwa wapi. Kuanzia miaka ya 1920, Walter Hess wa Zurich, Uswisi, alitia nyaya nyembamba katika ubongo wa paka, kisha, wakiwa macho na huru kutembea, akapitisha umeme kidogo. Ulipofika upande fulani wa haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, paka mpole alivimbisha nywele, akafoka, akamrukia mtu aliyekuwa karibu. Umeme ulipokatwa, akatulia. Hess alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Paka wale hawakupewa kitu, nao ndio waliolipa sehemu kubwa ya elimu hii. Mwaka 1962 Wasman na Flynn, huko Yale, Marekani, walionyesha kwamba shambulio lenyewe ni la namna mbili: moja la kufoka na kuvimba, la pili la kunyemelea kimya na kuuma, kama paka awindavyo panya.

Tofauti hii ina maana kubwa nyumbani. Paka kijana anayevizia nyuma ya mlango na kurukia kifundo cha mguu hana chuki, anawinda. Ukimpiga, unaongeza hofu juu ya mawindo, na hapo unalizaa lile shambulio la kwanza.

Mjerumani Paul Leyhausen alitoa utafiti wake mwaka 1956. Alionyesha kwamba hamu ya kushambulia na hamu ya kukimbia huweza kukaa pamoja ndani ya paka mmoja kwa viasi mbalimbali, na kwamba uso, masikio na mgongo huvidhihirisha viasi hivyo. Baada yake ikawa vigumu kusema kwamba paka haonyi. Ngozi ya mgongo hutetemeka, mkia huanza kupiga, masikio hugeukia pembeni. Mwenye kumpapasa ndiye asiyetazama. Wahenga wetu walisema paka hakubali kulala chali, na bado wengi wanaoijua methali hiyo humshika tumbo.

Lilibaki shambulio moja ambalo hata mtazamaji makini hakuliona likija. Mwaka 1990 Chapman na Voith walitangaza huko Marekani visa 14, vya baina ya 1981 na 1987, vya paka waliowashambulia watu kwa hasira iliyowashwa na kitu kingine. Mathalani, paka wa ndani humwona paka mgeni dirishani, wala hawezi kumfikia. Mgeni huondoka, mwenye nyumba huingia, na pigo humwangukia yeye. Msisimko huo huweza kudumu saa nyingi, hata mtu asiweze kuunganisha sababu na tokeo. Kwa hiyo neno “ghafla” ni habari ya macho yetu kuliko habari ya paka: sababu ilikuwapo, ila ilitangulia, au ilikuwa nje ya dirisha.

Pengine imejificha mwilini. Maradhi ya kuzidi nguvu kwa tezi ya thairoidi katika paka wazee yalielezwa mwaka 1979. Huwakondesha huku wakila sana, na huweza kuwafanya wakali. Baridi yabisi nayo humfanya paka mkongwe aume mkono unaomwinua.

Asili pia ina sehemu yake. Uchunguzi wa nasaba uliotolewa mwaka 2007 na Driscoll na wenzake ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, ambaye jamaa zake wako hata katika nyika za Afrika Mashariki. Mnyama huyo huishi na kuwinda peke yake. Mbwa, mwana wa kundi, alirithi namna nyingi za kutaka suluhu. Paka alirithi chache, na kwake salama ni umbali. Ndiyo maana paka aliyewaka hashikwi wala habembelezwi. Huachwa katika chumba chenye giza na kimya, pamoja na maji na chakula, kwa saa kadhaa au siku nzima, dirisha likiwa limezibwa, mpaka atoke mwenyewe.