Fahamu: Kwa nini hidrojeni hufanya chuma kigumu kikatike ghafla

Machi 2013, miezi sita hivi kabla ya sehemu mpya ya daraja la San Francisco–Oakland Bay nchini Marekani kufunguliwa, mafundi walikaza bolti 96 ndefu zenye unene wa inchi 3. Ndani ya wiki mbili, 32 kati yake zilikuwa zimekatika. Hakuna gari la abiria lililokuwa limepita juu yake bado. Uchunguzi ulionyesha chanzo ni hidrojeni iliyoingia ndani ya chuma.

Inaingiaje?

Kwa macho, chuma ni kitu kilichoshikana kabisa. Lakini ndani yake atomi zimejipanga kwa safu, na kati ya safu hizo kuna nafasi. Atomi ya hidrojeni ni ndogo sana, hivyo inapenya humo kirahisi.

Inatoka wapi? Kwenye tindikali ya kusafishia chuma, kwenye kutu, wakati wa kupaka chuma zinki kwa umeme, au kwenye unyevu wakati wa kuchomelea.

Ikishaingia inafanya nini?

Hukusanyika pale chuma kinapovutwa zaidi, kama kwenye meno ya bolti au kwenye ncha ya ufa mdogo. Hapo hudhoofisha mshikamano wa atomi. Chuma ambacho kingenyooka au kupinda kwanza, sasa kinakatika bila dalili yoyote.

Ajabu ni kwamba kadiri chuma kinavyokuwa kigumu, ndivyo kinavyozidi kuwa hatarini. Chuma laini huvumilia zaidi.

Metali nyingine zina tabia zake. Paladiamu inaweza kumeza hidrojeni yenye ujazo mara 900 hivi ya ujazo wake, na yenyewe ikavimba. Titaniamu na zirkoniamu huungana nayo na kutengeneza tabaka zinazovunjika kama kigae.

Je, inazuilika?

Ndiyo, ikiwahiwa. Mwaka 1875, William Johnson wa Uingereza alieleza kwamba chuma kilicholowekwa kwenye tindikali hupoteza uimara kwa muda, kisha huurudisha hidrojeni ikitoka.

Ndiyo maana viwandani bolti ngumu zilizopakwa zinki kwa umeme huokwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzi joto 200 hivi, ili hidrojeni itoke. Lakini ufa ukishaanza, joto haliuponyi.

Kwa fundi wa kuchomelea, kinga ya kwanza ni kutunza vijiti vyake vikavu na kusafisha kutu, mafuta na maji. Asidanganywe na kazi inayoonekana safi leo, maana ufa wa hidrojeni unaweza kujitokeza saa nyingi au hata siku kadhaa baadaye.

Na lile daraja? Bolti zake zilikuwa zimekaa miaka karibu mitano kwenye matundu yaliyoingia maji. Wahandisi walijenga mhimili mwingine wa chuma kufanya kazi yake, uliokamilika baada ya daraja kufunguliwa Septemba 2013.