Majibu ya mkojo si hukumu

Mwezi Juni 1971 Rais Nixon wa Marekani alitangaza vita dhidi ya dawa za kulevya, na askari waliokuwa wakirudi kutoka Vietnam wakaanza kupimwa mkojo. Heroini ilikuwa imeenea kambini. Aliyekutwa nayo alizuiwa kurudi kwao mpaka atibiwe kwanza.

Miaka kumi baadaye, Mei 1981, ndege ya kivita ilianguka juu ya manowari Nimitz karibu na Florida, wakafa watu 14. Baadhi ya maiti zilikutwa na mabaki ya bangi. Upimaji ukakazwa jeshini, na mwaka 1986 Rais Reagan akaagiza uingie katika ofisi za serikali kuu.

Sasa riziki za watu zikawa mikononi mwa maabara. Kipimo cha kwanza ni cha haraka. Hutumia kingamwili zinazonasa chochote kinachofanana na dawa inayotafutwa, na kufanana kunaweza kumponza asiye na hatia. Kwa hiyo kanuni za mwaka 1988 zilidai kipimo cha pili, kinachotambua kemikali yenyewe, na daktari wa kuyapitia majibu.

Hata hivyo tatizo lilibaki. Mtu aliyekula mkate wenye mbegu za mmea wa afyuni aliweza kukutwa na mofini katika mkojo. Maabara haikukosea, mofini ilikuwamo kweli! Kasoro ilikuwa katika kiwango kilichowekwa: nanogramu 300 kwa mililita moja. Mwaka 1998 serikali ilikipandisha hadi 2,000. Mkojo uleule uliomtia mtu mashakani jana, leo ukamsafisha.

Hapo ndipo penye fundisho. Majibu hasi hayasemi kwamba hamna kitu; yanasema kiasi hakikufikia kiwango. Majibu chanya nayo hayasemi kwamba mtu alikuwa amelewa kazini, kwani mabaki ya bangi huweza kukaa mwilini siku nyingi, na kwa mvutaji wa kila siku, hata majuma.

Basi wewe mwajiri, kabla hujamwachisha mtu kazi, uliza: hiki ni kipimo cha kwanza au cha pili? Kiwango ni kipi? Je, alikuwa akinywa dawa ya kikohozi yenye kodeini? Na wewe mfanyakazi, taja mapema dawa ulizoandikiwa na daktari.