Fatal Fury yenye Ronaldo ndani yake: je, mchezo huu wa mapigano unastahili dola 60?

Kwenye vyumba vya PlayStation vya Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, mpira ndio unatawala. Siku ya posho na siku ya yenga, vijana wanapanga mstari, kila mmoja na timu yake, na michezo ya mapigano inabaki pembeni. Lakini tarehe 24 Aprili 2025 kulitoka mchezo wa mapigano unaoweza kuvuta hata wapenzi wa mpira: Fatal Fury: City of the Wolves, wa kampuni SNK ya Japani. Ndani yake, kati ya wapiganaji, yuko Cristiano Ronaldo.

Ulipotoka, bei yake ilikuwa karibu dola 60. Kwa jamaa nyingi za hapa, hiyo ni pesa inayoweza kulipa kodi ya nyumba ya mwezi ao masomo ya mtoto. Kwa mwenye chumba cha michezo, ni mtaji. Kwa hiyo swali haliko tu kujua kama mchezo ni muzuri. Swali ni: utatumika na nani, kwa mashine gani, na pesa itarudi namna gani?

Mchezo wenyewe ni upi?

Fatal Fury ya kwanza ilitoka mwaka 1991, kwenye mashine za Neo Geo. Iliongozwa na Takashi Nishiyama, mutu yuleyule aliyetengeneza Street Fighter ya kwanza mwaka 1987 kabla ya kuhamia SNK. Baadaye SNK ilileta The King of Fighters mwaka 1994, na mwaka 1999 ikatoa Garou: Mark of the Wolves, ambayo wapenzi wengi wanaihesabu kati ya michezo bora ya aina hii. Kisha kampuni ikaanguka mwaka 2001. Hadithi ya Garou ilikaa bila mwendelezo kwa miaka 26, mpaka City of the Wolves ilipotoka.

Unaitwa mchezo wa pande mbili juu wapiganaji wanaenda mbele, wanarudi nyuma na wanaruka juu, basi. Hawazungukani sawa vile kwenye Tekken. Katika Garou ya 1999 kila mwendo ulichorwa kwa mkono. Katika mchezo mpya, miili imetengenezwa kwa kompyuta na kupakwa rangi ili ifanane na kitabu cha katuni, lakini pigano lenyewe limebaki la pande mbili.

Mchezo ulianza na wapiganaji 17. Terry Bogard, Rock Howard, Mai Shiranui na Billy Kane wako. Wawili kati ya hao 17 ni wageni kutoka dunia ya kweli: Ronaldo na Salvatore Ganacci, mupiga muziki wa Uswidi. Wote wawili wako ndani ya bei ya kwanza, hakuna kulipa tena. Wengine waliongezwa kisha, sawa vile Andy Bogard, na pia Ken na Chun-Li ambao wametoka kwa Street Fighter.

Mchezo hauna Kiswahili, lakini maandishi yake yanaweza kuwekwa kwa Kifaransa. Aliyesoma shule ya hapa ataelewa.

Kuna nini kipya ndani?

Mambo matatu yanaonekana haraka. Ya kwanza ni namna mbili za kucheza. Namna ya zamani inaomba kukariri mizunguko ya vidole kwenye maneti. Namna ya rahisi inaruhusu kutoa pigo kubwa kwa kubonyeza kitufe kimoja pamoja na upande. Mtoto aliyezoea mpira tu anaweza kuonyesha kitu kizuri kwa dakika tano, na hilo ni jambo kubwa kwa chumba cha watu wengi.

Ya pili ni joto. Mapigo makali, na hata namna fulani ya kujikinga, yanapandisha kipimo kimoja chini ya skrini. Kikijaa, mpiganaji anapata moto kupita kiasi na anapoteza silaha zake kali kwa muda. Anayeshambulia bila kufikiri anajiumiza mwenyewe.

Ya tatu ni uchaguzi unaofanywa kabla ya pigano kuanza: kila mchezaji anachagua sehemu ya maisha yake, mwanzo, katikati ao mwisho, ambapo atakuwa na nguvu zaidi. Muoga na mjasiri hawachagui sehemu moja. Pia imerudi ile kinga ya Garou ya zamani: ukizuia pigo kwa wakati ule ule linapofika, unarudishiwa maisha kidogo.

Kwa watu wawili wanaojua, huu ni mchezo wenye kina. Ubovu wake unaonekana ukiwa peke yako. Kuna safari ya mchezaji mmoja kwenye ramani za mji, lakini ni pigano moja baada ya lingine, na maandishi kidogo katikati. Mwenye kutafuta hadithi ndefu ya kucheza nyumbani usiku atachoka haraka.

Na Ronaldo je?

Ronaldo anapigana kwa mipira: anapiga shuti na mpira unamfikia adui. Inachekesha, na watu watakuja kuona. Lakini watu hawaangalii jambo lilelile kila siku. Kati ya wapenzi wa zamani wa Fatal Fury, wengi walinung’unika kumuona pale. Wapenzi wa mpira nao wakishamuona watarudia timu zao, isipokuwa kama wamependa mapigano yenyewe. Jina lake linaweza kujaza chumba juma la kwanza, lakini halitoshi kuwa sababu ya kutoa dola 60.

Hesabu ya mwenye chumba

Hapa ndipo wengi wanakosea. Mechi ya mpira inachukua karibu dakika kumi. Pigano la raundi tatu linaweza kuisha kwa dakika mbili ao tatu. Ukiomba bei ya mechi kwa kila pigano, hakuna atakayerudi. Ukiomba kidogo sana, mashine inafanya kazi bure. Njia inayofaa ni kulipisha kwa dakika, ao kuweka sheria ya mshindi kubaki na anayefuata kulipa.

Kisha, hesabu siyo pesa yote inayoingia kupitia mchezo huo. Ni pesa inayozidi ile ambayo mpira ungeleta kwenye mashine ileile, saa ileile. Tuseme mchezo mpya unaongeza nusu dola kwa siku. Dola 60 zitarudi baada ya siku 120, ni miezi minne, bila kuhesabu mafuta ya jenereta. Kama wanaocheza Fatal Fury ni walewale waliokuwa wanacheza mpira, hakuna kilichoongezeka, hata kama chumba kinaonekana kimejaa.

Maneti pia ni gharama. Mapigano yanachosha mishale na kijiti kuliko mpira, juu vidole vinazungusha bila kupumzika. Na maneti mawili yanapaswa kuwa sawa. Mmoja akishika lililochoka, kila kushindwa kwake kutaleta ugomvi.

Televizyo nayo inaangaliwa. Katika michezo hii picha hubadilika mara 60 kwa sekunde moja, na pigo zuri linategemea picha chache tu. Televizyo nyingi za kisasa zinachelewesha picha kidogo ili kuipamba. Katika mpangilio wake kuna sehemu ya michezo. Ukiiwasha, ucheleweshaji unapungua. Haiombi pesa yoyote.

Mashine gani inaukubali?

Mchezo unafanya kazi kwenye PlayStation 4, PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta. Haukutengenezwa kwa PlayStation 2, PlayStation 3 wala Xbox One. Kwa hiyo mutu akikuuzishia diski ya PS3 yenye picha ya Ronaldo na jina hilo, anakudanganya. Diski ya PS5 nayo haiingii kwenye PS4. Kabla ya kutoa pesa, soma maandishi ya juu ya kasha.

Diski ao kupakua?

Diski ina faida moja kubwa: ukichoka nayo, unaiuzisha. Mchezo uliopakuliwa unabaki kwenye akaunti yako na hauwezi kuuzishwa. Lakini kwa diski iliyokwisha kutumika, nambari ya siri ya kupata wapiganaji wa nyongeza hutumika mara moja tu. Mnunuzi wa pili asihesabu kuipata.

Kupakua kunaomba mega nyingi sana, makumi ya gigabaiti. Kwa forfe ya simu, gharama hiyo inaweza kukaribia bei ya mchezo wenyewe katika sehemu fulani. Hata mwenye diski ataombwa kupakua marekebisho. Mwenye rafiki aliye na intaneti nzuri anaweza kubeba mashine kwake kwa usiku mmoja.

Kulipa ni kikwazo kingine. Duka la PlayStation halina tawi la Kongo, na wachezaji wa hapa hufungua akaunti ya nchi ingine, sawa vile Ufaransa. Kadi ya kulipia kabla inapaswa kuwa ya nchi ileile ya akaunti; kadi ya Marekani haifanyi kazi kwa akaunti ya Ufaransa. Tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, na zile za Bukavu mwezi uliofuata, watu wengi wanapitia kwa ndugu walio nje ao kwa wauzishaji wa kadi. Hapo tahadhari inahitajika: usitume pesa ya simu kwa mutu usiyemjua kabla ya kupata nambari na kuijaribu.

Kucheza na watu wa mbali

Mchezo unaruhusu wa PlayStation kupigana na wa Xbox ao wa kompyuta. Unatumia njia inayokisia kitufe ambacho adui atabonyeza wakati habari bado iko njiani, kisha inajirekebisha kama ilikosea. Njia hiyo inasaidia sana mahali intaneti iko ya wastani. Lakini haiwezi kufuta umbali. Kutoka Bukavu mpaka Ulaya habari inasafiri mbali, na muunganiko ukikatika kila mara, picha itarukaruka. Kwenye PlayStation, kucheza kwa intaneti kunaomba tena malipo ya PlayStation Plus. Asiye na muunganiko imara anapaswa kuhesabu mchezo huu kuwa wa watu wawili waliokaa kwenye benchi moja.

Wazazi wanauliza nini?

Katika majimbo ambako watoto wamesikia risasi za kweli, ni haki mzazi kuuliza kama mapigano ya skrini yanafaa. City of the Wolves ni katuni: hakuna viungo vinavyokatwa. Hiyo siyo sawa na Mortal Kombat 1 ya 2023, ambayo kwa kipimo cha Ulaya ni ya miaka 18 na kupanda. Nguo za wapiganaji fulani wa kike zinaweza kumkwaza mzazi. Muzuri ni mzazi aangalie mwenyewe kwa dakika kumi, na mwenye chumba aweke saa za watoto baada ya masomo, siyo saa za shule.

Kujaribu kabla ya kulipa

Hakuna sababu ya kuanza na dola 60. Garou ya 1999 inauzishwa kwenye PlayStation 4 kwa karibu dola 8. Street Fighter 6, iliyotoka Juni 2023, iko na sehemu ya kujaribu bure. Mwenye chumba anaweza kuweka moja ya hizo kwenye mashine moja kwa majuma mawili na kuandika kwenye daftari: watu wangapi walicheza, wangapi walirudi siku ya pili, na nani hakuwa mteja wa mpira.

Nani anunue, nani aache?

Anunue mwenye PS4 ao PS5, aliyeona kwa daftari lake kwamba kuna kikundi kinachorudi kwa ajili ya mapigano. Watu sita ao nane wanaoshindana kila juma wanatosha, na wao ndio watakaa kisha Ronaldo kuzoeleka. Anunue pia mutu wa nyumbani aliye na kaka, dada ao jirani wa kupigana naye kila siku.

Angoje yule mwenye haja ya mchezo mmoja tu wa kucheza na wageni wa intaneti, kama muunganiko wake ni wa kukatikakatika. Bei ya michezo hii hushuka kadiri miezi inavyopita, na wapiganaji hawatakimbia.

Aache kabisa anayetaka kucheza peke yake, na aache mwenye chumba anayenunua juu ya jina la Ronaldo pekee. Mchezo wa mapigano bila mpinzani wa karibu ni diski tu kwenye kabati, na dola 60 zilizolala kwenye kabati hazilipi mafuta ya jenereta.