Fuvu la Kalenga na Karatasi ya Ridhaa



Mzazi mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri, uso umemkunjamana. Binti yake anasomea utabibu Mbeya, naye amempelekea khabari kwamba ataingia katika utafiti: atachukua damu za wagonjwa zipimwe, kisha aandike aliyoyaona. "Sheikh," akaniuliza, "huo si umumiani?" Nilicheka, kisha nikajuta kucheka. Khofu ile ina historia, na khofu yenye historia haijibiwi kwa kicheko.

Aendaye Mbeya kutoka pwani hupita Iringa, basi na sisi tuanzie hapo. Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi wa Agosti 1891. Mwaka 1894 wakarudi wakaivunja ngome yake ya Kalenga, na tarehe 19 Julai 1898, alipokwisha kuzingirwa, alijipiga risasi. Kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliwataka Wajerumani walitoe fuvu lake katika muda wa miezi sita. Ikapita miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining alilitafuta katika makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, likachaguliwa moja kwa vipimo, na mwaka 1954 likaletwa Kalenga, na hata leo liko huko.

Jiulize, msomaji: mafuvu mengi yale yalitafuta nini Bremen? Zama zile wataalamu wa Ulaya waliyakusanya kutoka makoloni wakayapima, wakidai kwamba umbo la kichwa litawaonyesha daraja za wanadamu. Hayo nayo yaliitwa elimu. Sisi ambao humwosha maiti wetu chini ya shuka, tukamsitiri hata na macho ya jamaa zake, twajua uzito wa jambo hilo.

Wala walio hai hawakusalimika. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Ujerumani, alipiga kambi visiwa vya Sese huko Uganda, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoksili. Dawa ilipozidishwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Hapakuwa na kamati iliyosimama kati yao na sindano.

Ulimwengu ulijifunza kwa machozi. Baada ya maovu yaliyofanywa na matabibu katika kambi za vita vya pili vikuu, matabibu wa dunia walitoa Azimio la Helsinki mwaka 1964: maslahi ya mtu anayechunguzwa yatangulie kabla ya elimu, na ridhaa yake itafutwe. Tanzania ilianzisha kwa sheria ya mwaka 1979 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, na chini yake iko kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya.

Sasa tufike Mbeya. Mwaka 1996 ulianza mpango wa utafiti baina ya hospitali ya rufaa ya huko na Chuo Kikuu cha Munich, na baadaye ukawa kituo cha NIMR. Wajerumani wamerudi Nyanda za Juu, lakini safari hii wanabisha hodi. Vijana wetu wamesomea hapo utafiti wa kifua kikuu na UKIMWI, na wengine wamefikia shahada za juu kabisa. Tangu 2020 Mbeya ilikuwa miongoni mwa miji minne, pamoja na Dar es Salaam, Masaka na Durban, iliyojaribu chanjo za kuzuia virusi vya UKIMWI. Mwaka 2023 ilipodhihirika kwamba chanjo hizo hazina tamaa ya kufaulu, zilisimamishwa, na watu wakaambiwa wazi. Kukiri kwamba dawa haikufaa ni ukweli, na ukweli ndio nguzo ya utafiti.

Basi nilimjibu mzazi yule hivi. Mumiani huja usiku, wala haulizi. Binti yako atakwenda mchana, ataamkia, ataeleza kwa Kiswahili kinachofahamika, ataomba, na akikataliwa atarudi bila ya tone la damu na mgonjwa atatibiwa vile vile. Asiyejua kusoma atasomewa mbele ya shahidi. Siri ya mgonjwa itakuwa amana shingoni mwake.

Lakini nilimwongeza neno, nami nawaongeza ninyi wenye watoto vyuoni. Karatasi ya ridhaa hailindi mtu kwa wino tu. Yuko atakayeitia dole gumba kwa kuliogopa koti jeupe, na yuko atakayeitia kwa sababu ya nauli atakayopewa. Hilo kamati iliyoko mbali haitaliona. Ataliona mwanafunzi aliyeketi mbele ya mgonjwa. Naye akiona khofu katika macho yale, yampasa aiweke sindano chini, hata kama kazi yake ya chuo itachelewa.

Zamani tuliingizwa katika nyumba ya elimu hii tukiwa mifupa ya kupimwa. Leo wanetu waingia kwa miguu yao, kipimo wakiwa nacho mkononi. Tusiwazuie mlangoni. Tuwakumbushe tu fuvu la Kalenga, wasije wakamtenda mwenziwao yale tuliyotendwa sisi.