Siasa za Dunia Zilizopita Ufipa

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayeishi Chanji, mjini Sumbawanga, hukutana na siasa za dunia katika karatasi ya pili ya Historia na katika somo la General Studies (GS). Humo mna vita viwili vikuu, Umoja wa Mataifa, Vita Baridi, ukoloni mamboleo. Mazoea ni kuyasoma hayo kama mambo ya mbali, kuyakariri kwa vipengele, kisha kuyamwaga siku ya mtihani. Njia hiyo ni dhaifu, na mtu wa Ufipa ana sababu chache kuliko wengine za kuifuata. Uwanda wa Ufipa umekuwa ndani ya siasa za dunia kwa zaidi ya miaka 130, na anayeanza kwa kuuelewa huandika insha bora juu ya Ulaya yenyewe.

Tuanze na mpaka. Kosa linalojirudia katika majibu ya wanafunzi ni kudai kwamba Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ndio uliogawa Afrika kwa mistari ya ramani. Mpaka wa kusini mwa Ufipa unakanusha dai hilo. Ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890, yale yaliyowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nao wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Katika mapatano hayohayo ilikubaliwa kwamba mstari uanzie mdomo wa mto Kalambo, Ziwa Tanganyika, uelekee Ziwa Nyasa, na njia ya kuunganisha maziwa hayo mawili ibaki upande wa Waingereza. Tume ya nchi hizo mbili ilikuja kuupima ardhini mwaka 1898. Walungu na Wamambwe wakajikuta pande zote mbili. Mwanafunzi anayeyajua haya hahitaji sentensi ya jumla juu ya tamaa ya mabeberu. Anaweza kuonyesha jinsi kisiwa cha Ulaya, usultani wa pwani na njia ya misafara vilivyowekwa katika meza moja, na watu wa Kalambo hawakuulizwa.

Vita vya 1914 vinafundisha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ilitekwa na Waingereza mwezi Juni 1916. Meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka huohuo wasiiache mikononi mwa adui. Iliinuliwa 1924, na tangu 1927 ikawabeba watu wa Kipili na Kasanga kwa jina la Liemba. Ulaya ilinyamazisha mizinga tarehe 11 Novemba 1918. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilisalimu amri tarehe 25, mjini Abercorn, leo Mbala, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Ufipa. Kisha Shirika la Mataifa likaikabidhi Tanganyika kwa Uingereza kwa udhamini, na baada ya vita vya pili Umoja wa Mataifa ukaurithi usimamizi huo. Kwa sababu hiyo Nyerere aliweza kusimama New York mwezi Machi 1955 mbele ya Baraza la Udhamini na kudai uhuru kwa hoja za kisheria, nafasi ambayo wenzetu wa Rhodesia ya Kaskazini, upande wa pili wa mto Kalambo, hawakuwa nayo. Swali la mtihani juu ya nguvu na udhaifu wa mashirika ya kimataifa linapata hapa jibu lenye mifupa.

Hata kabla ya Wazungu kulikuwa na siasa ya kufikiriwa. Masimulizi ya Wafipa yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia Roy Willis yanasema kwamba wanawake wageni walifika Milansi mtawala akiwa mawindoni, wakapata utawala wa nchi, naye akabaki na heshima ya ibada. Ukoo wa wageni hao ndio uliotawala falme za Nkansi na Lyangalile. Atatokea mtu aseme kwamba hekaya si ushahidi. Si ushahidi wa tukio, kweli. Ni ushahidi wa namna jamii ilivyotenganisha nguvu na uhalali, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha nusu ya maswali ya siasa yanayotungwa.

Kwa nini basi kukariri kumetawala? Sababu moja, kwa maoni yangu, imo katika historia ya somo lenyewe. Baada ya Azimio la Arusha na andiko la Elimu ya Kujitegemea, yote ya 1967, somo la Siasa lilifundishwa kwa Kiswahili na kuibeba sera ya chama tawala. Lilikuwa na faida kubwa: vijana wengi waliyafahamu mapambano ya Msumbiji na Angola kama yao. Lakini jibu sahihi lilikuwa limeshajulikana kabla ya swali. Vyama vingi vilipokubaliwa 1992, Siasa ikaondoka na Uraia ukaingia, tena kwa Kiingereza katika sekondari. Tabia ya kungoja jibu lililokwisha kupitishwa haikuondoka nayo.

Pingamizi zito zaidi ni la mwalimu mwenye muhtasari mkononi: msahihishaji hatoi alama kwa Kalambo, anatoa kwa Mkataba wa Versailles. Ni kweli, na anayeiacha Versailles atafeli. Ila swali linaloanza na "kwa kiasi gani" linadai kupima, na kupima kunahitaji mfano ambao mwandishi anaujua kuliko kitabu. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 ni mfano huo. Walipewa makazi Katumba na Mishamo, zilizokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa kabla Katavi haijamegwa 2012, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwa waliokuwa katika makazi ya zamani, Ulyankulu ikiwemo, wakapewa uraia wa Tanzania. Mwanafunzi akiuweka mkasa huo kando ya mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 juu ya wakimbizi, ataweza kuuliza ni lini taifa hufuata mkataba, na ni lini huuvuka kwa hiari yake. Kiingereza chake kinaweza kuyumba, na hilo ni tatizo la kweli linalohitaji mazoezi ya kuandika kila wiki. Hata hivyo mwenye hoja hutafuta maneno ya kuibeba, na kazi ya kumsahihisha sarufi ni nyepesi kuliko kumpa hoja asiyekuwa nayo.